Makanisa ya Kale ya Ugogo na Mstari wa 1863

Kanisa la Kianglikana katika uwanda wa kati wa Tanzania lina umri mkubwa kuliko mji wa Dodoma. Misheni ya Mpwapwa, lilikoanzia, ilikuwa na zaidi ya miaka 30 pale reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910 na kukigeuza kituo kidogo cha Wajerumani kuwa mji wa biashara na utawala. Makanisa ya eneo hili yalianza wakati misafara ya pembe na watumwa ingali ikipita mlangoni, yakachomwa moto katika vita vya pwani, yakafungwa katika vita vya Wazungu, yakazika waumini wengi katika njaa. Hata hivyo, sheria inayolinda mambo ya kale Tanzania Bara haiyahesabu kuwa ya kale. Sababu ni tarehe moja tu iliyoandikwa ndani yake.

Mpwapwa iko chini ya milima ya Kiboriani, mahali penye maji. Katika karne ya 19 hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Msafara uliotoka Bagamoyo au Saadani kwenda Tabora na Ujiji ulifika hapo ukiwa umechoshwa na milima ya Usagara, na mbele yake ilikuwepo Marenga Mkali, nyika kavu isiyo na maji ya kutegemewa, ambayo ilibidi kuivuka mbiombio kabla ya kuingia Ugogo kwenyewe. Huko nako kulikuwa na hongo: kila mtemi alidai vitambaa, waya na shanga kabla watu hawajaruhusiwa kuteka maji na kupita. Kwa hiyo wapagazi walikaa Mpwapwa siku kadhaa, wakanunua nafaka, wakatibu vidonda vya miguu na kuwasubiri wenzao. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na Verney Lovett Cameron akapita 1873.

Stanley ndiye aliyesababisha kanisa lifike, ingawa hakukusudia lifike Mpwapwa. Barua yake kutoka Buganda, iliyochapishwa London na gazeti la Daily Telegraph mwezi Novemba 1875, iliwataka wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa. Chama cha Church Missionary Society, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake CMS, kiliitika mara moja. Mwaka 1876 kikundi cha kwanza kilitua Unguja, kikiwa na Luteni George Shergold Smith na fundi mitambo wa Kiskoti, Alexander Mackay. Safari ilikuwa ya Buganda; Mpwapwa ilikusudiwa kuwa kituo cha njiani tu, mahali pa kuhifadhi mizigo na kupokezana barua. Jaribio la kwanza la kuweka mtu hapo mwaka huohuo halikudumu. Mwaka 1878 Dk. Edward Baxter na Joseph Last walikifungua kituo upya, safari hii kikashika mizizi, na mwaka uliofuata Last akaanzisha kingine Mamboya, katika nchi ya Wakaguru.

Mackay, kwa upande wake, mwaka 1877 alifyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa kilomita 370 hivi, akitumaini kwamba magari ya kukokotwa na ng'ombe yangechukua nafasi ya wapagazi. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe. Barabara ikarudiwa na majani, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Misheni ya Mpwapwa iliendelea kuishi kama miji yote ya njia ya misafara ilivyoishi, kwa kutegemea miguu ya Wanyamwezi.

Majengo ya mwanzo ya misheni hayakufanana na picha ya kanisa iliyo vichwani mwa watu wengi leo. Ujenzi wa nchi ulikuwa tembe, na wageni nao walianza kwa tembe. Nguzo zenye panda husimikwa ardhini kwa mistari, boriti hulazwa juu ya panda hizo, fito hupangwa karibukaribu juu ya boriti, kisha hufuata majani au magome ya miti na mwisho tabaka nene la udongo. Kuta ni za fito na udongo wa kukandika. Paa ni bapa na fupi; mtu mrefu huinama mlangoni. Nyumba hiyo ina akili yake: udongo wa paa huzuia jua la Ugogo, ambalo chini ya bati humfanya mtu atamani kutoka nje, na upepo wa kiangazi haupati kona ya kuunyanyua. Adui zake ni wawili. Mchwa hula nguzo kimyakimya, na mvua ikinyesha mfululizo paa hulegea na kuvuja. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo tembe linaloangaliwa kila msimu linaweza kukaa miaka mingi, na lililoachwa hurudi kuwa udongo baada ya masika machache. Ndiyo sababu hakuna anayeweza kuonyeshwa leo kanisa la tembe la miaka ya 1870. Kinachobaki mahali kama hapo ni msingi, makaburi, miti iliyopandwa na wamisionari na kumbukumbu za wazee, na hizo nazo ni malikale.

Moto ulikuja mwaka 1889. Wakazi wa pwani chini ya Abushiri bin Salim walikuwa wameanza kupigana na kampuni ya Wajerumani tangu mwaka uliotangulia, na Wajerumani walikuwa wameweka kituo chao Mpwapwa, jirani na misheni. Abushiri alipoondoka pwani na kuingia bara, alikivamia kituo hicho, na majengo ya misheni yakateketea pamoja nacho. Kabla mwaka haujaisha alikamatwa na kunyongwa Pangani, Desemba 1889. Wajerumani walijenga boma jipya Mpwapwa, na Stanley, akirudi kutoka bara na Emin Pasha, aliikuta bendera yao mwezi Novemba. Misheni ilijenga upya. Kwa wenyeji, ambao hawakuwa wametangaza vita na mtu, ulikuwa mwaka wa kuona jinsi kanisa, boma na njia ya misafara vinavyoweza kuungua kwa moto mmoja.

Kiutawala, nchi hii ilikuwa pembe tu ya dayosisi kubwa kupita kiasi. Mwaka 1884 James Hannington, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amepita Mpwapwa akielekea ziwani na kurudi akiwa mgonjwa, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki, eneo lililoanzia pwani hadi Buganda. Aliuawa Busoga mwezi Oktoba 1885. Baadaye dayosisi hiyo iligawanywa, na makanisa ya Ugogo na Ukaguru yakawekwa chini ya Askofu wa Mombasa, ng'ambo ya mpaka wa makoloni mawili, hali iliyoendelea hadi 1927. Askofu aliyekaa Mombasa na kondoo walioko Ugogo walionana kwa nadra.

Kazi hasa ilifanywa na watu wengine. Mwingereza J. C. Price alikaa Mpwapwa miaka mingi akijifunza Chigogo na kukitafsiria Maandiko. Kituo cha Kisokwe, mwendo mfupi kutoka Mpwapwa, kikawa na waumini wake. Mvumi ilifunguliwa mwaka 1900, kisha Buigiri na Kongwa katika miaka michache iliyofuata. Kati ya vituo hivyo palijaa makanisa madogo ya vijijini, kila moja na mwalimu wake, kijana wa Kigogo au wa Kikaguru aliyefundisha kusoma siku za juma na kuongoza sala Jumapili katika chumba kilekile. Kanisa na shule vilikuwa jengo moja, na mara nyingi kengele ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini. Baada ya reli kufika, chuma hicho kikawa kipande cha reli. Anayetafuta urithi wa Kianglikana wa Ugogo kwa kuangalia vituo vikuu peke yake ataikosa nusu ya historia. Kongwa kilijengwa chuo cha kuwafunza walimu hao, kwa msaada wa Wakristo wa dayosisi ya Huron nchini Kanada, muda mfupi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo kilichopo hadi leo kimetokana nacho.

Vita ilipoanza mwaka 1914, wamisionari wa CMS walikuwa raia wa adui ndani ya koloni la Ujerumani. Walikusanywa na kuwekwa kizuizini, kwanza Kiboriani juu ya Mpwapwa, ambako misheni yenyewe ilikuwa na nyumba za mapumziko, na hatimaye Tabora. Walimu wa Kiafrika walipata mateso makubwa zaidi, kwa kushukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Wabelgiji walipoitwaa Tabora Septemba 1916 wafungwa waliachiwa, lakini waliorudi Ugogo hawakurudi kwenye raha. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua zikagoma. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliipa jina la Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kuwa iliua watu wapatao 30,000. Kanisa lolote la Ugogo lenye umri wa kuzidi miaka hiyo ni kanisa lililojazwa upya na watu waliosalia.

CMS ya Uingereza ilitoka vitani ikiwa imefilisika nusu, na kwa muda ilifikiria kuiacha nchi hii. Wakristo wa Australia ndio waliolibeba jukumu hilo. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, na George Alexander Chambers, kasisi wa mtaa mmoja wa Sydney na mwanzilishi wa shule ya Trinity Grammar, akawekwa wakfu katika Kanisa Kuu la Canterbury Novemba mwaka huo kuwa askofu wake wa kwanza. Alichagua kukaa Dodoma. Uamuzi huo ulikuwa wa mtu aliyeangalia ramani ya reli: Mpwapwa ilikuwa imepitwa pembeni na treni, ambayo kituo chake cha karibu kilikuwa Gulwe, na Dodoma palikuwa na stesheni pamoja na njia panda ya barabara ya kutoka kaskazini kwenda kusini. Wakati huo dayosisi ilianzia Morogoro hadi Kigoma na kutoka Ugogo hadi Bukoba. Baadaye zilizaliwa kutoka ndani yake Dayosisi ya Victoria Nyanza mwaka 1963, Morogoro 1965, Tanganyika ya Magharibi 1966 na nyingine zaidi, zikiwemo za Mpwapwa, Rift Valley na Kondoa, zilizojitenga miaka ya karibuni zaidi.

Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu lilijengwa katikati ya mji wa Dodoma enzi za Chambers, katika miaka ya 1930. Mgeni anayelitazama kwa mara ya kwanza huona kitu ambacho hakutarajia kwa Waanglikana, nacho ni kuba. Badala ya mnara uliochongoka kama wa makanisa ya vijijini Uingereza, jengo linashika mtindo wa makanisa ya kale ya Mashariki, ambao macho ya watu wa pwani huuoanisha na msikiti. Waanglikana walikuwa wamekwisha kufanya hivyo Mombasa, ambako kanisa lao kuu la ukumbusho, lililomalizika mwanzoni mwa karne ya 20, nalo lina kuba. Uchaguzi huo ulikuwa na busara. Kuba huinua hewa ya moto juu ya vichwa vya watu, na katika mji uliokuwa na Waarabu, Wahindi, Wagiriki na Wagogo halikuonekana kuwa kipande cha Uingereza kilichoshushwa kwenye behewa. Jirani yake limesimama kanisa kuu la Walutheri, na kwa umbali mfupi ipo misikiti ya mjini, kwa hiyo mtu anaweza kuzunguka historia ya dini ya Dodoma kwa miguu kabla ya jua kuwa kali.

Ndani, makanisa ya CMS hutofautiana sana na yale ya Kianglikana ya pwani. Unguja, Tanga na Masasi zilipokea Uanglikana kupitia UMCA, misheni iliyopenda uvumba, mishumaa, sanamu na mavazi ya ibada yenye rangi. CMS ilikuwa ya mrengo wa kiinjili: Neno kwanza, mapambo baadaye kama yapo. Katika kanisa la zamani la Ugogo kizimba cha mahubiri hushika nafasi ya heshima, Meza ya Bwana ni meza kweli, kuta ni tupu, na kitu cha thamani kuliko vyote mara nyingi hakiko ukutani bali kabatini. Kitu hicho ni rajista za ubatizo, ndoa na maziko. Jina la mtoto, la baba na mama, kijiji na la mchungaji aliyebatiza, yote kwa wino uliofifia kuwa kahawia. Kwa familia nyingi za Ugogo ambazo babu zao hawakuandikishwa kokote kwingine, ukurasa huo ndio ushahidi wa kwanza wa maandishi kwamba walikuwepo. Mchwa huupenda kama wanavyopenda nguzo.

Mengine ya historia hiyo yanajulikana zaidi. Yohana Omari wa dayosisi hii alikuwa miongoni mwa Waafrika wanne waliowekwa wakfu kuwa maaskofu na Askofu Mkuu Geoffrey Fisher huko Namirembe, Kampala, Mei 1955, na hivyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika. Yohana Madinda akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza dayosisi nzima mwaka 1971. Mwaka 1970 Kanisa Anglikana Tanzania lilikuwa limekwisha kuwa jimbo linalojitegemea, na makao yake makuu yapo Dodoma. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilifunguliwa mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, iliyopewa jina la mtemi wa Mvumi.

Sasa sheria. Serikali ya kikoloni ilikuwa na Sheria ya Hifadhi ya Kumbukumbu ya mwaka 1937. Tanganyika huru iliifuta na kutunga Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo ni Sura ya 333 ya sheria za nchi, ikarekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inasema kwamba jengo, ngome, kaburi au kazi nyingine ya mikono ya watu iliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu inayolindwa, bila kuhitaji tangazo la mtu yeyote. Haibomolewi, haibadilishwi wala haichimbwi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Mwaka huo uliwekwa takriban miaka 100 nyuma ya sheria yenyewe, na kwa magofu ya Kilwa na misikiti ya pwani unatosha kabisa. Kwa bara hautoshi. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa miaka 13 baada ya mstari huo, Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na boma la Kijerumani lolote ni la baadaye zaidi. Karibu kila jengo la matofali au mawe katika uwanda wa kati liko upande usiolindwa.

Jambo la ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo ililegeza kamba mahali pengine. Mlango wa mbao au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki inalindwa ikiwa ilichongwa kabla ya 1940. Waliotunga walikuwa na hofu ya haki: milango ya Kiswahili ilikuwa ikinunuliwa na kusafirishwa ng'ambo. Lakini matokeo yake ni kwamba mlango wa mwaka 1939 una ulinzi ambao kanisa lililojengwa miaka 50 kabla yake halina. Mlango umelindwa kuliko nyumba.

Ipo njia ya kutokea. Waziri mwenye dhamana anaweza, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, kuitangaza kumbukumbu yoyote ya baada ya 1863 kuwa ya kulindwa, na tangu marekebisho ya 1979 anaweza pia kutangaza eneo zima kuwa la hifadhi. Njia hiyo inahitaji mtu wa kuanza: wa kupima jengo, kukusanya historia yake, kuandika barua na kuifuatilia. Makanisa hayana ofisa wa kazi hiyo, na ofisi ya mambo ya kale ina nchi nzima ya kuangalia kwa wataalamu wachache. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inahimiza taasisi na jamii zishiriki kutunza urithi, jambo jema, lakini sera haimzuii fundi mwenye nyundo.

Upande wa pili wa Muungano mambo ni tofauti, kwa kuwa mambo ya kale si suala la Muungano na Zanzibar ina sheria zake. Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini ni changa kuliko mstari wa 1863 kwa miaka 10: jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa lililokuwa hapo kufungwa, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi 1877. Askofu Edward Steere alilijenga kwa mawe ya matumbawe, akaliezeka paa la mviringo la saruji, na alipofariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare. Inasimuliwa kwamba nguzo ndogo za upande wa magharibi zilisimamishwa miguu juu na mafundi alipokuwa safarini, na hadi leo hazijageuzwa. Kanisa hilo limo ndani ya Mji Mkongwe, ulio na mamlaka yake ya hifadhi tangu miaka ya 1980 na ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Nguzo zile zisingeweza kugeuzwa sasa hata mtu akitaka. Lingekuwa Mpwapwa, zingegeuzwa Jumamosi moja kwa michango ya waumini.

Uingereza kwenyewe, ambako aina hii ya kanisa ilitoka, Kanisa la England lina majengo yapatayo 16,000, na zaidi ya 12,000 kati yake yameorodheshwa na serikali kuwa ya kihistoria. Mchungaji wa huko hawezi kuondoa benchi wala kuhamisha kisima cha ubatizo bila kibali cha mahakama ya dayosisi, na malalamiko kuhusu ucheleweshaji wa vibali hivyo hayaishi. Wengi wa wachungaji hao, na si bila sababu, wangependa uhuru wa wenzao wa Ugogo. Ulinzi una gharama zake, na dayosisi inayohangaikia maji ya zahanati isilaumiwe haraka kwa kuogopa kuubeba.

Uwanda wa kati haukusahauliwa kabisa. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali, na miongoni mwa vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mamboya na Mpwapwa ni makao ya kwanza ya CMS, na Kilimatinde nayo ina historia ndefu ya Kianglikana. Orodha ya awali hata hivyo ni nia tu. Haimzuii mtu kubomoa. Mwaka huohuo michoro ya miambani ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia, na kwa hiyo mkoa wa Dodoma una eneo moja linalolindwa kwa kiwango cha juu kabisa.

Wakati huohuo, shinikizo limeongezeka. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ikaenda polepole kwa miaka 40, kisha kuanzia 2016 ikahamia kweli. Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 765,179 mjini humo na 3,085,625 mkoani. Viwanja vya katikati ya mji vimepanda bei, na ardhi ya kanisa kongwe huwa ndiyo iliyo mahali pazuri kuliko zote, kwa sababu lilifika kwanza. Shinikizo la pili ni zuri lenyewe: waumini wameongezeka, na kanisa la watu 150 haliwatoshi 600.

Ubomoaji kwa kawaida huanza kwa jina la ukarabati. Halmashauri ya mtaa hukaa, kamati ya ujenzi huundwa, na baada ya ibada mnada hufanyika mbele ya kanisa: kuku, madebe ya mtama, mbuzi mmoja anayenunuliwa na kurudishwa mara tatu ili anadiwe tena. Fedha hiyo ni ya jasho na hakuna wa kuibeza. Mara nyingi hununua saruji. Ukuta wa zamani wa tofali za udongo au za kuchoma moto mdogo hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa kupumua kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hukosa mlango, hujaa ndani, chumvi husukuma lipu, na baada ya masika machache ukuta uliokaa miaka 80 huanza kumomonyoka nyuma ya ganda lake zuri jipya. Hapo mafundi husema jengo limechoka. Kisha huja madirisha ya aluminiamu, marumaru sakafuni, dari la jipsamu lililofunika mihimili, na mabenchi ya mninga yakaenda kuwa kuni. Matetemeko nayo yapo, maana Dodoma iko karibu na Bonde la Ufa. Lile la Novemba 2002 lilileta nyufa hadi kwenye jengo la Bunge. Jengo lililokwisha kudhoofishwa kwa saruji halina nguvu ya kuvumilia mtikisiko kama huo.

Mahitaji ya ukubwa yana dawa isiyohitaji kubomoa. Mitaa mingine nchini hujenga kanisa kubwa pembeni na kuliacha la zamani liwe la ibada za asubuhi, la shule ya Jumapili au la kuhifadhia rajista. Ardhi za misheni za Ugogo kwa kawaida ni pana, kwa hiyo nafasi ipo. Chokaa ni rahisi kuliko saruji mahali pengi, na fundi wa lipu anajifunza kuitumia kwa siku chache.

Kwa mtaa wenye kanisa la zamani, kazi ya kwanza haihitaji Waziri wala fedha nyingi. Picha za kila upande wa jengo, vipimo vyake, mwaka wa jiwe la msingi, majina ya makaburini, nakala ya rajista iwekwe makao makuu ya dayosisi, na maelezo ya wazee waliobaki yaandikwe wakiwa hai. Faili kama hilo ndilo litakaloambatanishwa na barua kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Kwa Serikali, kazi ni kusogeza mbele mwaka 1863, kama ulivyokwisha kusogezwa kwa milango hadi 1940. Wakati marekebisho hayo yakisubiriwa, tangazo moja katika Gazeti la Serikali lingetosha kuviweka chini ya ulinzi vituo vya Mpwapwa na Mamboya, pamoja na makaburi yake.